Upande wa Nyuma wa Barua

2 Machi

Daktari amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mkono usisahau. Basi naandika. Ila nikishaandika, siwezi kusoma nilichoandika. Si kwamba macho hayaoni. Naiona karatasi, naiona mistari ya bluu, nauona wino ulivyokaa. Lakini maneno yenyewe yananitazama kama watu wa ugenini. Nimeyaandika sasa hivi kwa mkono wangu, na siyajui.

Nilipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na minne. Nimesahihisha vitabu vya shule, magazeti, kadi za harusi na matangazo ya vifo. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba iko siku mganga atasahau hata sura ya dawa zake.

Kiharusi kilinipata mwezi wa kwanza, asubuhi, nina kikombe cha chai mkononi. Hakikunipinda mdomo wala hakikuninyang'anya mguu. Kilichukua vitu viwili tu: upande wa kulia wa kuona kwangu, na kusoma.

3 Machi

Joto. Mawingu yanakuja, yanaondoka. Askari amekataza chumvi.

4 Machi

Nieleze Askari ni nani, maana huenda jana sikueleza, na sina namna ya kurudi kuangalia. Ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Nilipotoka hospitali alikuja na sanduku moja na cherehani yake, akasema atakaa wiki mbili. Wiki ya saba hii. Cherehani iko sebuleni, mahali palipokuwa na kiti cha mama yake. Ni fundi nguo, na kwa fundi nguo hakuna jambo la dunia hii lisilonyoshwa kwa pasi. Anapiga pasi mashati, mashuka, vitambaa vya jikoni, hata soksi zangu. Nisimame, nikae, ninywe dawa, nisifungue mlango, yote kwa amri. Jina la Askari nimempa kimoyomoyo. Nimemwapisha kwamba hatasoma daftari hili. Ameapa, lakini askari huwa na njia zao.

7 Machi

Leo tulikwenda kwa daktari. Ni msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, ana sauti ya upole na viatu vya kukimbilia. Akaniamkia vizuri, akatutundikia picha ukutani mbele ya taa.

"Huu ndio ubongo wako, mzee."

Nikautazama kwa muda. Kitu cha kijivu, kimekunjamana, na upande mmoja kuna doa jeupe. Nilikuwa najitafuta humo, kusema kweli. Mtu akionyeshwa picha yake hutafuta uso.

"Macho yako ni mazima," akasema. "Na sehemu inayojua herufi nayo ni nzima. Kilichoharibika ni njia ya katikati. Habari inatoka kwenye macho, haifiki."

"Na kuandika je?"

"Kuandika kuna njia yake nyingine. Hiyo haikuguswa."

"Kwa hiyo ndani ya kichwa changu yuko mtu anayejua kusoma, ila haletewi barua?"

Akacheka. "Tuseme hivyo."

"Na mimi ni yupi? Huyo aliyefungiwa ndani, au huyu anayezungumza na wewe?"

Binti akanivuta shati. Daktari hakucheka safari hii. Akavua miwani, akaifuta. "Hilo, mzee, chuoni hawakutufundisha. Nadhani na wao hawajui."

Nikampenda kwa jibu hilo. Kisha akaniambia nifumbe macho, akaushika mkono wangu, akachora kwa kidole chake kwenye kiganja. Nikasema, "M." Akachora tena. "A." Akaendelea, nikasema, "Mama." Nikafumbua macho. Alikuwa ameliandika neno hilo hilo kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama za bango. Niliona vijiti.

8 Machi

Binti amechora herufi kiganjani mwangu siku nzima, nikila, nikivaa, nikiosha miguu. Nimemwambia mkono wangu si ubao.

11 Machi

Mvua imeanza.

12 Machi

Mvua.

14 Machi

Bati linalia juu ya kichwa na hakuna pa kwenda. Nikatoa kopo la biskuti.

Ndani ya kopo kuna barua thelathini na nane za marehemu mke wangu. Tulipooana alikuwa mwalimu wa sayansi, akapangiwa shule ya mbali, safari ya siku moja na nusu kwa basi, nami nilikuwa na kazi yangu kiwandani. Miaka minne tuliishi kwa barua. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita Bwana Herufi, na majina hayo yalidumu mpaka mwisho. Alikuwa na mkono mzito wa kuandika. Kalamu yake ilikandamiza karatasi mpaka ikatuna upande wa nyuma. Nilimtania: "Mwalimu, wewe unaandika au unachimba mtaro?" Naye hakuandika kamwe pande mbili za karatasi. Alisema upande wa pili ni wa masahihisho, ingawa hakuwahi kujisahihisha hata siku moja.

Tangu alipofariki, kila mvua zikianza nilikuwa nazisoma barua zote, moja baada ya nyingine, nikisikia sauti yake. Leo nimezitandaza kitandani kama karata. Nimeziona zote. Sikusikia kitu.

Na chini kabisa iko ile ya thelathini na tisa, ambayo haijafunguliwa. Aliiandika hospitali, wiki ya mwisho, ameegemeza karatasi kwenye blanketi juu ya paja lake. Akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi mwenyewe, akanikabidhi bila kusema kitu kwa sababu pumzi ilikuwa ya kuhesabu. Ni miaka miwili na miezi minne. Sikuifungua. Nilijiambia kwamba maadamu sijaisoma, bado ana neno la kuniambia. Nilikuwa nikiitazama, nikitulia, nikiirudisha. Niliona nina wakati. Ngoja ngoja huumiza matumbo: nimengoja mpaka nimenyang'anywa macho ya kuisomea.

15 Machi

"Baba, nikusomee ile barua ya mama?"

"Hapana."

"Hata mstari wa kwanza tu?"

"Barua ya mke kwa mumewe si gazeti."

Akarudi kwenye cherehani. Ilinguruma bila kusimama mpaka saa ya chakula.

16 Machi

Mvua. Uji hauna chumvi wala hauna rafiki.

19 Machi

Nimekumbuka kichwa cha kondoo. Nilikwenda kumtembelea Mwalimu likizo yangu moja, nikamkuta darasani amevaa aproni, mbele yake ubongo wa kondoo kwenye sinia, alioupata kwa muuza nyama. Wanafunzi wamekwenda, yeye bado anakata vipande vyembamba na kuviweka chini ya hadubini. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Namtafuta kondoo," akasema.

"Umemwona?"

"Nimekata, nimepasua, nimekodoa macho. Nyuzi nimeziona, damu nimeiona. Kondoo mwenyewe simwoni."

"Labda alitoka kabla hujafungua."

"Au labda hakuwa mkaaji. Labda kondoo ndiyo kazi yenyewe, hivi vyote vikifanya kazi pamoja. Vikisimama, hakuna aliyetoka. Imekwisha tu."

Tulibishana juu ya jambo hilo mpaka basi langu likaniacha. Tukaendelea kubishana miaka arobaini. Yeye alisema mtu ni ubongo unavyofanya kazi. Mimi nilisema yuko anayeutumia. Kila mmoja alimwona mwenzake ana kichwa kigumu. Akili ni nywele, alisema, kila mtu ana zake, na zako zimeanza kupukutika.

Mara moja nilidhani nimemshinda. Nilimleta kiwandani, nikamwonyesha ukurasa uliokwisha pangwa, herufi zote za risasi zimefungwa pamoja kwa kamba. Nikamwambia, "Hapa pana hadithi nzima. Sasa angalia." Nikaifungua kamba, nikazirudisha herufi kwenye kasha, kila moja kwenye kijumba chake. "Risasi yote ipo, haikupungua hata chembe. Hadithi imekwenda wapi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Imekwenda kwa aliyeisoma," akasema.

Natamani ningemwambia habari ya kichwa changu hiki. Angefurahi sana, Mungu anisamehe. Angevuta kiti karibu na kuuliza maswali mpaka chai ipoe. Nimemkumbuka leo mpaka mbavu zimeniuma.

23 Machi

Aibu. Kwa kuwa upande wa kulia sioni, juzi niliandika nikapitiliza karatasi, nikaendelea kwenye kitambaa cha meza. Kitambaa chenyewe ni cha mteja, cha harusi. Binti amefua mara tatu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaniletea rula ya chuma, akaifunga kwa kamba ukingoni mwa daftari, ili mkono ukigonga ujue mwisho.

27 Machi

Mvua. Mvua. Ukuta wa chumbani umeanza kutoa jasho.

2 Aprili

Amekuja Koma. Tulifanya kazi meza moja na hilo jina alipewa kiwandani, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kusimama kupumzika.

"Nimesikia," akasema, akivua koti lililolowa, "kwamba siku hizi, wewe, ni mjinga, kama mimi."

"Karibu, ukae."

Alikuja na mzigo mdogo ndani ya leso. Kiwanda kilipofungwa mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu, lakini yeye aliondoka na herufi mfuko mzima na kipangio kimoja, kile kibao cha chuma tulichoshika mkononi tukipanga mistari. Alikuwa amepanga neno ndani yake. Akaniwekea mkononi. Nikatazama, vijiti. Kisha kidole gumba kikapita juu yake chenyewe, kama kilivyopita kila siku kwa miaka thelathini na minne, nami kabla sijafikiri nikasema: "Koma."

Alinitazama. Nikamtazama.

"Kwa nini umepanga jina lako?"

"Ningepanga, lako, lakini, herufi, hazikutosha."

Tulicheka mpaka binti akasimamisha cherehani. Mtu asiyejua kazi yetu asingeelewa. Herufi ya risasi imegeuzwa, kulia kwake ni kushoto kwako, na mpangaji anausoma mstari kichwa chini, miguu juu. Tulizoea hivyo kuliko maandishi ya kawaida. Na vidole vilizoea kuliko macho. Nakumbuka kupanga ukurasa mzima huku nikibishana na Koma habari za mpira, na mwisho nisijue ukurasa ulihusu nini. Kosa hamna hata moja. Nani aliupanga? Tangu ujana wangu kulikuwa na wawili humu ndani, nami nikidhani niko peke yangu.

3 Aprili

Asubuhi nilitoa barua moja koponi, ya zamani, ya mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeishika tu, sitaki kitu, kidole gumba kiko upande wa nyuma. Nikahisi vijivimbe. Mitaro ya Mwalimu, imetuna kwa nyuma.

Ukiigeuza karatasi, maandishi yamegeuka, kulia ni kushoto. Ukiipindua kichwa chini, yanakwenda kama mstari kwenye kipangio. Ni chapa. Mke wangu alikuwa ananiandikia chapa miaka yote hiyo, na sote wawili hatukujua.

Nikafumba macho, nikapitisha kidole. B. W. A. Ilinichukua muda mrefu, kahawa ikapoa, lakini neno la kwanza lilikuja, kisha la pili, kisha mstari: "Bwana Herufi, huku mvua imekataa kuondoka."

Nimelia kama mtoto.

4 Aprili

Ila nimeamka na shaka. Barua ile naijua kwa moyo. Je, jana nilisoma, au nilikumbuka? Kidole kilipogusa B, nani alisema "Bwana", kidole au miaka arobaini? Nimejaribu nyingine tatu. Zote nazijua. Sina njia ya kujua kama ninasikia sauti yake au yangu.

6 Aprili

Nilimwita Koma. Nikampa karatasi, nikamwambia aiweke juu ya taulo, aandike kwa kukandamiza neno lolote ambalo sijui. Akatoka mpaka barazani kuandika. Nikaigeuza, nikaipindua, nikafumba macho.

"Mbishi mkubwa," nikasoma.

"Basi," akasema, "unasoma."

Ninasoma! Barua thelathini na nane na moja zaidi, na simhitaji mtu.

7 Aprili

Leo nitaifungua.

8 Aprili

Sikuifungua. Mvua ilikuwa na kelele.

9 Aprili

Kesho.

12 Aprili

Nilikuwa mgonjwa mkono ule. Mwalimu hakuwa hata na nguvu ya kushika kijiko. Je, kama kalamu haikukandamiza? Nikifungua na nyuma nikakuta karatasi laini, nitakuwa nimelifungua neno lake la mwisho na sikulipata. Afadhali lisifunguliwe.

Nadhani nimeandika "nilikuwa mgonjwa". Nilitaka kuandika "ulikuwa". Mkono umeamua wenyewe, na sijui pa kusahihisha.

16 Aprili

Nataka kuandika haya yote leo, nikiwa bado na hasira, ingawa hasira hasara.

Mvua ya jana ilivunja rekodi zote. Asubuhi binti alinipeleka kwa daktari, tukakaa huko mpaka mchana. Tuliporudi, bati la chumbani kwangu lilikuwa limefunguka kona moja, na maji yalikuwa yanaanguka moja kwa moja juu ya kabati. Kopo la biskuti lilikuwa juu ya kabati. Mfuniko wake umekuwa hauzibi tangu zamani.

Binti akanikalisha sebuleni, akaniambia, "Tulia baba, nitashughulika." Nikasikia ndoo, nikasikia ngazi, nikasikia akigongea bati mwenyewe huku mvua inamnyeshea. Mapigo ya moyo yalinienda mbio, nikanywa dawa, na dawa ile hulevya. Nikalala kwenye kiti.

Nilipoamka chumba kilikuwa na harufu ya mvuke. Harufu ya pasi.

"Zimepona zote baba," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Wino haukutawanyika hata kidogo. Nimezikausha, nimezinyosha moja moja, juu ya kitambaa, kwa moto mdogo. Zimekuwa mpya."

Akaniwekea mapajani. Nikageuza ya kwanza, nikapitisha kidole. Laini. Ya pili, laini. Laini, laini, laini, kama shati la harusi. Mitaro yote ya Mwalimu imesawazishwa.

Niliyosema baada ya hapo sitaki kuyaandika yote. Nilimwita mharibifu. Nilisema amekuja nyumbani kwangu kuninyosha na mimi kama anavyonyosha nguo za watu. Nilisema alimtoa mama yake kwenye kiti chake, na sasa amemtoa na kwenye karatasi. Hakuelewa. Angeelewaje? Sikumwambia. Siri ya vidole niliijua mimi na Koma tu, maana nilitaka niwe nasoma peke yangu, bila ruhusa ya Askari.

Alisimama, pasi bado iko mkononi.

"Barua hizo ni za mke wako, najua," akasema. "Umeniambia mara nyingi. Lakini alikuwa mama yangu vilevile. Na mimi sikuachiwa hata mstari mmoja."

Akachomoa pasi, akaenda jikoni. Nikabaki mimi na mvua.

17 Aprili

Hatujasemezana. Maji yakimwagika hayazoleki.

18 Aprili

Asubuhi nilikuwa nimekaa mezani. Kwa kuwa sioni kulia, ili nione upande ule lazima nigeuze kichwa chote. Huwa sigeuzi, ninakula tu. Leo niligeuza kutafuta sukari, nikamkuta binti amekaa pale pale, karibu kabisa na kiwiko changu, mkate haujaguswa, macho yamevimba. Kumbe ndiko anakokaa kila siku. Amekaa kulia kwangu wiki kumi na tatu ili anikinge na upande nisiouona, nami nikidhani nakula peke yangu. Nyani haoni kundule.

"Mwanangu," nikasema, "ile moja je? Iliyo kwenye bahasha?"

Akasimama, akanishika mkono, akaniongoza mpaka jikoni. Juu ya jiko, kwenye kamba ya nguo, bahasha ilikuwa inaning'inia kwa kibanio.

"Hiyo sikuipiga pasi. Moto ungeyeyusha gundi, ikafunguka, halafu ungesema nimeifungua mimi. Nimeiacha ikauke kwa joto la jiko."

Nikamweleza yote basi, pale pale jikoni: kiganja, Koma, kipangio, upande wa nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono mdomoni.

"Thelathini na nane, baba," akasema. "Nilizipiga pasi nikiimba."

Nikamwambia zile nazijua kwa moyo, haijapotea hata moja. Nilisema ili kumtuliza, lakini nikiandika sasa naona ni kweli.

20 Aprili

Mvua nyepesi. Amenitilia chumvi kidogo kwenye uji. Nimeumaliza wote.

25 Aprili

Bahasha imekauka. Iko mezani mbele yangu. Bado nataka kuisoma mwenyewe, kwa kidole changu, mlango umefungwa. Nimemwambia binti, akasema, "Ni yako, baba." Akaenda kununua uzi.

Sikuifungua.

4 Mei

Mvua zimeanza kuchoka. Kumekucha na jua, matope yanatoa moshi barabarani. Binti ametoka na nguo za mteja. Nikafunga mlango, nikachukua kisu cha mezani, nikaipasua bahasha.

Kurasa mbili, upande mmoja mmoja. Nikageuza ya kwanza, nikaipindua, nikafumba macho. Niliogopa kuweka kidole.

Ilikuwa imetuna. Mahali pengine ilikuwa hafifu, mahali pengine kalamu karibu imetoboa. Lile blanketi juu ya paja lilikuwa laini, kalamu ilizama. Na mkono ule ambao haukuweza kijiko uliweza kalamu. Sikukumbuka kitu safari hii, maana sikuwa na cha kukumbuka. Kila herufi ilikuja ngeni, moja moja, mlangoni, na yule aliyefungiwa ndani akawa anaipokea. Jua lilitoka dirishani likafika mguuni pangu kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

"Bwana Herufi, najua unasoma peke yako. Acha hapo. Mwite mtoto, hii ni ya wote wawili."

Nilisoma tena, labda nimekosea. Sikukosea.

Karibu miaka miwili na nusu. Nilikuwa nimekalia neno la mama wa mtu. Kila alipoliomba nilimwambia si gazeti. Alikuja na cherehani yake, akapika uji, akagongea bati kwenye mvua, akaninunulia rula, na wakati wote haki yake ilikuwa kwenye kopo langu, na mimi nikaiita siri ya mume na mke. Nimejiona mdogo sana leo. Kiharusi hakikuninyima kuona hilo. Nilikuwa sioni tangu zamani.

Nikafungua mlango, nikakaa barazani kumngoja. Alipoingia getini nilimpa kurasa zote mbili. "Soma wewe," nikasema. "Kwa sauti. Nimeambiwa."

Akausoma ule mstari wa kwanza, akakaa chini palepale kwenye ngazi, na viatu vya matope.

Sitaandika barua nzima. Ni yetu. Ila machache. Kwangu aliandika: "Unakumbuka ulivyokuwa unaacha nyama ya mwisho pembeni ya sahani, mpaka siku ile paka akaichukua? Usiifanyie barua hii hivyo." Na kwake: "Mwanangu, nakujua. Usijaribu kumnyosha baba yako kwa pasi. Nimejaribu miaka arobaini, hanyoki." Hapo binti alicheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuendelea, nikalazimika kumngoja. Chini kabisa aliandika: "Lile swali letu la kondoo bado sina jibu. Nikilijua na kama kuna namna, nitakuambia. Lakini usinisubiri mlangoni."

Nilimwambia asome tena. Akasoma. Sauti yake, sikuwahi kuisikia vizuri kabla ya leo. Anavuta pumzi kabla ya neno zito, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Hadithi imekwenda kwa aliyeisoma, Mwalimu. Umeshinda hiyo moja.

5 Mei

Leo hakuna mvua. Tumetoa godoro nje.

Nimemwomba binti anisomee daftari hili tangu mwanzo, maana ni mimi niliyeandika na ni mimi nisiyejua kilichomo. Alishangaa. Hakuwahi kulifungua, nimemwamini. Amesema kesho, akimaliza kushona, atavuta kiti akae upande wangu wa kushoto, mahali ninapoona.

Nimekumbuka sasa hivi kwamba humu ndani nimemwita Askari. Ni mara nyingi, nadhani. Nimechukua kalamu nifute, nimepekua kurasa zote mbele na nyuma, lakini sijui ni wapi.